Kivunja-mji na Fuliza: Uhakiki wa Majina ya Kunadia Mali katika Kiswahili

Wataalamu wa Kiswahili wameupima utenzi kwa mizani, shairi kwa vina, na methali kwa maana zake za wazi na za ndani. Lakini maneno ya kunadia mali wameyapita kama mtu mwenye haraka ampitavyo dalali sokoni. Sababu pengine imo katika lugha yenyewe. Methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, imekwisha kumhukumu mnadi kabla hajafumbua kinywa: akiisifu mali yake, sifa hiyo yachukuliwa kuwa ushahidi wa ubovu wake. Lugha yenye methali ya namna hii yaweza kudhaniwa kuwa haina fasihi ya biashara hata kidogo. Dhana hiyo haina msingi. Kiswahili kimenadi mali kwa muda mrefu na kwa ustadi mkubwa, ila ustadi huo hauonekani sana katika kusifu. Waonekana katika kutaja, yaani katika kukipa kitu jina ambalo mnunuzi atalitia kinywani mwake na kulipeleka mbele bila ya kulipwa ujira.

Swali la makala haya ni moja: jina la bidhaa hutungwa na nani, na humsemea nani? Mahali pa kulipimia swali hilo ni Tabora, kwa kuwa huko majina ya zamani ya biashara yamehifadhiwa katika maandishi, na ya sasa yamebandikwa katika kuta. Kitete, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Tabora, hujulikana na watu wengi kwa sababu ya hospitali ya mkoa ichukuayo jina hilo. Katika karne ya 19 eneo lote hili lilikuwa njia panda ya misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa ikagawanyika: tawi moja likaenda magharibi hata Ujiji, na jingine kaskazini hata Karagwe na Buganda. Richard Burton alifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, akakaribishwa na mfanyabiashara Snay bin Amir. Henry Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871, akarudi huko pamoja na Livingstone mwaka 1872. Wote wawili waliandika kwa urefu juu ya bidhaa za safari. Wanahistoria wa uchumi wamezisoma kurasa hizo kwa ajili ya bei na mizigo. Mwanaisimu naye ana fungu lake humo.

Katika kitabu chake cha mwaka 1860 juu ya nchi za maziwa, Burton ametaja aina nyingi za ushanga zilizokuwa zikipita njia ile. Mojawapo ni ushanga mdogo wenye rangi nyekundu ya marijani juu ya kiini cheupe. Bidhaa hii moja ilikuwa na majina kadhaa. Liko jina la samesame, ambalo Burton alilihusisha na Kiarabu. Liko jina la joho, kwa kufananisha rangi yake na kitambaa chekundu cha watu wenye cheo. Kisha yako majina mawili ambayo yastahili kuwekwa mbele ya kila mwanafunzi wa fasihi ya biashara: kimara-pamba, ambalo yeye alilifasiri kuwa kimalizacho chakula, na kivunja-mji. Tahajia yake ina walakini mwingi, na hapa imerudishwa katika tahajia iliyozoeleka. Lakini tafsiri alizozitoa hazina utata, na sababu aliyoieleza kwa jina la pili ni kwamba wanawake waliutaka ushanga ule kwa shauku isiyokuwa na kiasi.

Kama angeambiwa mtu wa leo anadi ushanga huo, hapana shaka angeandika kwamba ni mwekundu, mzuri, imara, na wa bei nafuu. Hayo ni maneno manne ya sifa, na hapana hata moja litakalobaki kichwani hadi jioni. Kivunja-mji hakina sifa hata moja. Hakisemi kwamba ushanga ni mzuri. Chasema lililotokea ulipoingia mjini. Msikilizaji ndiye amalizaye hesabu mwenyewe, na hesabu aliyoimaliza mwenyewe huiamini kuliko ile aliyosomewa na mwenye duka.

Tazama sarufi yake. Muundo wa kiambishi ki-, kitenzi, na jina la mtendwa ni miongoni mwa miundo yenye uhai mkubwa katika Kiswahili. Ndio uliozaa kifungua kinywa, kifungua mimba, kiinua mgongo, kifuta machozi na kifuta jasho. Katika muundo huu kitu chenyewe ndicho mtendaji. Hakuna anayeamriwa, wala hakuna anayeombwa; kiko kitu, kiko kitendo, na yuko aliyetendwa. Tena muundo huu haubagui heri na shari. Kifuta machozi ni cha faraja, lakini chakiri kwamba machozi yamekwisha kutoka. Kivunja-mji vilevile ni sifa na onyo kwa mara moja: asikiaye hutamani, na asikiaye huogopa, na jina halimsaidii kuchagua. Mnadi wa siku hizi asingethubutu kuliweka jina la namna hii juu ya mali yake. Ofisi ya masoko ingelikataa asubuhi ile ile.

Hapa yafaa kusimama kidogo, maana maelezo ya Burton si ya kupokewa kikavu. Yeye hakuzungumza sana na wanawake wa Unyamwezi. Aliyoyajua juu ya ushanga aliyapata kwa wenyeji wake wa Kazeh na kwa watu wa misafara, ambao wote walikuwa wanaume na wengi wao wauzaji. Basi jina kivunja-mji laweza kuwa mzaha wa wafanyabiashara, au lalamiko la waume waliotakiwa kutoa pembe, ng'ombe au nafaka ili ushanga ununuliwe. Aliyeuvaa ushanga huenda alikuwa na jina lake jingine ambalo halikuandikwa. Hata hivyo jambo moja ni dhahiri. Mafundi wa Venice waliotengeneza sehemu kubwa ya ushanga wa biashara hawakulitunga jina hilo, wala makampuni ya Ulaya na Marekani yaliyokuwa na mawakala Unguja hayakulitunga. Jina lilizaliwa njiani, kati ya mikono iliyopokeana bidhaa.

Na katika mikono hiyo, wa mwisho ndiye aliyekuwa hakimu. Stanley, alipokuwa Unguja akijiandaa kwa safari mwaka 1871, alifadhaika sana alipoelezwa kwamba ushanga mwekundu hupokewa Unyamwezi palipokataliwa mwingine wote. Kwamba ule mweusi, ulioitwa bubu, una thamani Ugogo na hauna thamani kwingineko. Na kwamba sungomaji, ushanga mkubwa kama yai, ni mali Ujiji na ni mzigo wa bure mahali pengine. Aliyekosea kuchagua aliubeba ushanga wake maili mia kadhaa, akawalipa wapagazi, kisha akautupa. Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ameonyesha kwamba matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki yalivuka bahari yakaongoza hata viwanda vya mbali. Yeye alikuwa akizungumza juu ya uchumi, lakini hoja yake ina sura ya lugha pia, nayo yaonekana katika jina la merikani.

Merikani ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilicholetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Tabibu Ruschenberger, aliyefika Unguja kwa manowari ya Marekani mwaka 1835, ameandika kwamba Waingereza walijaribu kukiiga na wanunuzi wakakataa, kwa kuwa kile cha asili kilidumu zaidi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, vitambaa vya mahali pengine viliingia, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua nafasi kubwa. Jina halikuondoka. Kitambaa kilifumwa Bombay kikaitwa merikani, na bado chaitwa hivyo. Wenye viwanda waliopiga mihuri yao juu ya majora wamesahauliwa. Lililobaki ni neno la mnunuzi, ambalo kwake halikuwa tena habari ya nchi bali kipimo cha uzito na uimara.

Si haki kuipamba njia ile. Ushanga na merikani vilinunua pembe, na vilinunua watu pia. Misafara iliyoteremka kutoka Tabora ilileta watumwa pwani. Jina lenye ukweli halikuizuia biashara isiyokuwa na huruma, na mji ulioonywa kwa kivunja-mji ulivunjika vilevile. Linalodaiwa hapa ni dogo kuliko hilo: kwamba lugha ya biashara, hata katika zama hizo, iliacha mlango wazi ambao kwa huo mnunuzi aliweza kusema lililompata.

Mlango huo ulipanuliwa na kanga kuliko bidhaa nyingine yoyote. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililofunguliwa Mombasa mwaka 1887, lilijulikana kote pwani na bara kwa alama yake ya Mali ya Abdulla. Desturi ya kuandika maneno juu ya kanga ilianza kwa hati za Kiarabu, kisha ikahamia katika hati za Kirumi. Maneno hayo huitwa jina la kanga, nalo jambo hilo lastahili kuangaliwa: kinachoitwa jina ni usemi mzima, pengine methali, pengine kijembe, pengine dua. Kanga huagizwa na kukumbukwa kwa jina lake kama vile kwa rangi zake. Na katika majina hayo ni nadra mno kuliona linalosifu pamba, au rangi isiyochuja, au bei. Muuzaji ameandika kauli ya mnunuzi. Mke mwenza, jirani, mume, shoga, mama mkwe: hao ndio wanaoambiwa, na anayewaambia ni mwanamke aliyevaa. Mwenye duka amejiwekea herufi zake chache karibu na pindo, akanyamaza.

Huu ndio uandishi bora wa kibiashara ambao Kiswahili kimewahi kuutoa, na ajabu yake ni kwamba hautaji biashara. Wahakiki wengi wameisoma kanga kama fasihi ya wanawake, na wamefanya vyema. Lakini wameisahau hesabu ya mwenye duka, ambaye kila msimu alilazimika kukisia ni usemi gani utakaotafutwa na vinywa vya watu. Akikosea, majora yalibaki rafuni. Alikuwa mhakiki kwa njia yake, naye aliadhibiwa haraka kuliko wahakiki wa majarida.

Zama zilizofuata zaweza kupitwa kwa maneno machache. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Idhaa ya Biashara, lakini baada ya Azimio la Arusha la 1967 ufundi mkubwa wa kushawishi kwa maneno ulihamia katika kampeni za umma. Mtu ni Afya, kampeni ya redio na vikundi vya kusoma ya mwaka 1973, ina jina ambalo haliwezi kurekebishwa hata kwa herufi moja. Sarufi yake ni ya ulinganisho mtupu: kitu, kiungo ni, na kitu cha pili. Haimwambii mtu achimbe choo. Yasema mtu ni nini, kisha yamwachia ajijue. Siasa ni Kilimo, la mwaka 1972, lina umbo hilo hilo, ingawa nguvu yake ni ndogo, kwa sababu mkulima alijua tangu hapo kwamba kilimo ni kilimo. Biashara binafsi iliporudi katika miaka ya 1980 na redio za watu binafsi zikaanza katika miaka ya 1990, umbo hili lilichukuliwa na wafanyabiashara, na mara nyingi likaharibiwa. Mteja ni mfalme, lisemwalo katika semina na kubandikwa juu ya kaunta, ni mfano wa uharibifu huo. Limeletwa kutoka lugha nyingine, na katika Unyamwezi lina kichekesho chake: mtemi wa huko alikuwa akipelekewa hongo na kila msafara uliopita, ilhali mfalme huyu wa kaunta ndiye anayetoa.

Hata neno mteja lina kisa. Wa zamani walikuwa na mnunuzi, na mshitiri kwa wale waliopenda asili ya Kiarabu. Mteja, katika maneno ya uganga, ni mtu aliye mikononi mwa mganga. Leo jina hilo ni la kila mnunuzi wa sabuni, na mitaani wingi wake wa mateja wamaanisha waliozama katika dawa za kulevya. Mwanaisimu hawezi kuilaumu lugha kwa mabadiliko. Aweza tu kutambua kwamba katika maana zote tatu, mtu huyo yu chini ya mwingine.

Kutoka hapa yafikiwa majina ya leo, na ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko mengine, kwa kuwa bidhaa yake ni deni. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, makampuni ya simu yametunga majina ya Kiswahili kwa wingi. Safaricom ya Kenya ilitoa Okoa Jahazi kwa mkopo wa muda wa maongezi, M-Shwari mwaka 2012 kwa akiba na mikopo, na Fuliza mwaka 2019 kwa kumwezesha mtu kulipa zaidi ya salio alilo nalo. Tanzania imepata M-Pawa mwaka 2014, na Songesha na Nipige Tafu za Vodacom, na Timiza ya Airtel, na Nivushe ya Tigo, kampuni ambayo ilibadili jina kuwa Yas mwaka 2024. Majina haya si tafsiri. Yametungwa na watu wanaokijua Kiswahili, na mtu akiyalinganisha na matangazo ya mabenki yaliyojaa huduma bora na suluhisho la mahitaji yako, ataona tofauti ya nazi na kifuu.

Okoa Jahazi ni jina la fundi. Mkopo wenyewe ni wa shilingi chache, nalo jahazi ni chombo kikubwa chenye watu na shehena. Mzaha wa kukuza mambo umo ndani, na mzaha huo wamwondolea mkopaji haya. Fuliza ni neno la njiani hasa. Kufuliza ni kwenda au kutenda bila ya kusita, ndugu yake fululiza na mfululizo. Kwa huduma imfanyayo mtu aendelee kulipa baada ya fedha kwisha, ni vigumu kufikiri neno la Kiswahili lililo sahihi zaidi. Lakini watu wa misafara walikuwa na sababu za kufuliza mwendo. Walifuliza palipokosekana maji, kama katika Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyamwezi, na baada ya mwendo ule walihesabu waliobaki nyuma.

Sasa itazamwe sarufi. Okoa, fuliza, songesha, timiza: ni amri. Nivushe na nipige tafu ni maombi, yenye kiambishi cha nafsi ya kwanza mtendwa na kiishio cha -e. Kile kitu-mtendaji cha kivunja-mji kimetoweka. Katika kundi la kwanza kampuni yamwamrisha mtu, nayo yamwamrisha bila ya kumwita mama, baba, mzee wala ndugu, jambo ambalo mwuza nyanya wa sokoni Tabora hawezi kulifanya akauza hata fungu moja. Katika kundi la pili kampuni imeingia katika kinywa cha mnunuzi ikamtungia ombi lake. Kanga pia ilimtungia mnunuzi maneno. Lakini ilimtungia ili awaambie wengine, akiwa amesimama wima. Nivushe yamtungia aiambie kampuni yenyewe, tena kwa sauti ya mwenye shida. Hapa ndipo majina haya, kwa ustadi wake wote, yanapoachana na yale ya zamani.

Nivushe yastahili kusomwa karibu na mto Malagarasi. Misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji haikuwa na budi kuuvuka, na Burton na Stanley wote wawili wamelalamika juu ya ushuru wa kivuko: mashauri marefu na mtawala wa Uvinza, nguo zikihesabiwa, na bei ikipanda wakati watu wamekwisha kufika ukingoni. Mwenye mitumbwi hakujificha. Alitaja ushuru wake kwanza, akabishana juu yake, ndipo kasia likatiwa majini. Jina Nivushe lina mto, lina mtumbwi, lina mwenye huruma wa kuvusha, ushuru haumo. Songesha nayo yafichua jambo ambalo watungaji hawakulikusudia, maana kusonga si kwenda mbele tu, ni kubana pia. Ugali husongwa, na mtu husongwa na mambo.

Katika majina yote hayo neno mkopo halimo, wala deni, wala riba. Mtu ataweza kusema kwamba jina haliwezi kubeba mkataba mzima, na atakuwa na haki. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 yakataza kumpotosha mlaji, na hakuna hakimu atakayesema kwamba kitenzi cha kuvusha ni uwongo. Ada zimeandikwa katika masharti, na mwenye kuyatafuta huyapata. Lakini kazi ya mhakiki huanza pale ambapo kazi ya hakimu inakoma. Yeye huuliza ni kwa nini lugha yenye neno kukopa, lililo jepesi na la heshima, limetafutiwa maneno ya kulizunguka. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mkaazi wa Ituru karibu na Tabora, hakulizunguka. Katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, na ambayo Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyachapisha upya mwaka 1958 na 1959 pamoja na tafsiri ya Whiteley, anasimulia alivyokopa mali za safari kwa matajiri wa Unguja, miongoni mwao Taria Topan. Anataja mali kwa kiasi na kwa bei, na mara chache kwa sifa. Kukopa kwake ni sehemu ya biashara, kuna jina lake, na jina hilo latajwa.

Huenda ikajibiwa kwamba Tippu Tip alikuwa tajiri na mwenye bunduki, na tajiri haoni aibu ya kukopa. Jibu hilo lina nguvu. Mkopaji wa leo hana msafara. Yu nje ya wodi Kitete, usiku, na dawa aliyoandikiwa mgonjwa wake haipo dirishani ila katika duka la ng'ambo ya barabara. Kwake yeye neno jepesi ni msaada wa kweli; lampunguzia fedheha, na fedha hufika kabla ya alfajiri. Mhakiki asiyeliona hilo amesoma majina tu, hakusoma maisha. Hata hivyo wepesi wa neno na uzito wa deni ni vitu viwili, na mtu yule yule ndiye atakayevihesabu vyote viwili mwisho wa mwezi. Kivunja-mji kingemwambia yote mawili kwa pumzi moja. Kiswahili hakikosi njia ya kufanya hivyo hata sasa: muundo wa ki- ungali hai, na mtunzi aliyeweza kulipata Okoa Jahazi hashindwi na jina ambalo lina fadhili na bei ndani yake. Anayeshindwa ni yule aliyemtuma.

Ila wanunuzi hawakungoja. Nchini Kenya, katika muda wa miaka michache, Fuliza imeacha kuwa kitenzi katika vinywa vya watu. Imekuwa nomino ya ngeli ya i-zi: husemwa Fuliza yangu, Fuliza imekata mshahara, deni la Fuliza. Ile amri ya kwenda bila ya kusita imegeuzwa jina la kitu, kitu hicho ni deni, na kitu hicho ndicho kitendacho: chakata, chachukua, chasubiri mshahara uingie. Mabadiliko haya hayakufanywa na ofisi yoyote ya masoko, na mtunga kamusi atakayelipa neno hilo mahali pake itambidi aandike maana mbili, ya kampuni kwanza na ya watu baadaye, au kinyume chake.